Jozi Niliyomwahidi Fundi Mapezi

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Leo tunamkumbuka fundi umeme mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mapezi. Alifariki siku tano zilizopita, akiwa na miaka sitini na minane. Mapafu yalimshinda. Nivumilieni leo, maana nina deni la maneno kwake, na alipokuwa hai nilishindwa kulilipa.

Fundi Mapezi alizalisha samaki wa mapambo nyumbani kwake. Samaki bapa, weupe, mapezi marefu, na doa moja jeusi shavuni. Doa hilo alilitafuta kwa miaka kumi na tisa, kizazi baada ya kizazi, akichagua nani azae na nani. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji. Chumba cha wageni kilijaa matangi manane ya kioo, na wageni wenyewe walilala sebuleni. Mjane wake aliniambia, "Mimi nilishakubali kuwa mke wa pili. Mke wa kwanza ana mapezi."

Mzee alikuwa na masharti. Maji ya bomba hayaingii tangini mpaka yakae kwenye ndoo siku mbili, ile dawa ya kuulia vijidudu iishe nguvu. Samaki mgeni hachanganywi na wenyeji mpaka akae peke yake wiki tatu, ijulikane kama ana ugonjwa. Na sponji ya kichujio haiguswi na sabuni. Inakamuliwa kidogo tu kwenye maji yaleyale ya tangi, kwa sababu ndani yake mna vijidudu vizuri vinavyokula uchafu wa samaki. Masharti hayo yote yalikuwa kichwani mwake. Hakuyaandika popote, wala hakumfundisha mtu. Ukimuuliza, anakujibu, "Wewe tazama tu."

Miezi mitatu iliyopita alilazwa hospitali. Bintiye akayatazama matangi, akaona vioo vina ukungu wa kijani, akasema baba asirudi akute hali hii. Akatoa maji yote. Akasugua vioo. Akafua sponji zote nane kwa sabuni, akazianika juani. Akajaza maji ya bomba siku hiyohiyo. Matangi yalimeremeta, anasema, hata jirani akaja kusifia. Kesho yake samaki wote walikuwa wanaelea. Wote, wasikilizaji, hakubaki hata mmoja.

Mzee aliporudi alisimama mlangoni mwa chumba kile bila kuingia. Binti anasema hakumgombeza. Alisema, "Nilikuwa na mdomo, mama. Kwa nini sikukwambia?" Kisha akakaa sakafuni, akalia. Binti hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia.

Lilibaki tumaini moja. Kwa miaka mingi mzee aligawa samaki bure, na jozi moja tu ingetosha kuanza upya. Binti akashika simu. Wa kinyozi walikuwa wamekufa. Wa mwalimu wa jirani walikuwa wamekufa. Simu ya mwisho akanipigia mimi, hapa kituoni, kwa sababu mzee alituletea jozi ya kupamba mapokezi.

Jozi ile ilikuwa imekufa zamani. Kila aliyepita aliwamwagia chakula, nami nikiwemo, mpaka maji yakaoza. Lakini niliposikia sauti ya yule binti nikasema, "Wapo. Mwambie mzee wapo, wazima kabisa, nitawaleta." Niliona haya. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Siku hiyo mzee alitoka kitandani. Alikula. Akamwelekeza bintiye tangu mwanzo, kwa mara ya kwanza: ndoo, siku mbili, sponji. Tangi moja likawa tayari. Akaweka kiti dirishani, akawa anauliza kama gari la redio limepita. Siku ya tatu aliuliza. Siku ya tano aliuliza.

Siku ya nane nilikwenda dukani. Nikanunua jozi nyeupe yenye doa karibu na jicho, nikajiambia mgonjwa hataona. Nikampelekea. Akauinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha, akautazama muda mrefu. Halafu akanitazama mimi.

"Hawa si wangu," akasema. "Wangu walikufa lini?"

Nilitazama viatu vyangu. Nilitamani anitukane, lakini hakunitukana. Akamwita bintiye akamwambia, "Hawa ni wageni. Watenge wiki tatu. Usipunguze hata siku moja."

Alifariki siku ya kumi na sita tangu watengwe. Leo ni siku ya ishirini na moja. Asubuhi hii binti amewahamishia kwenye tangi la baba yake, na ni wazima. Watoto wao hawatakuwa na doa la shavuni. Kazi ya miaka kumi na tisa imekwisha, na haitarudi.

Kwa mjane, kwa binti, na kwa wote waliompenda, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nawe msikilizaji, kama kuna mtu anasubiri kitu ulichomwambia kipo, na wewe unajua hakipo, mpigie leo.

Na wewe, Fundi, uliniuliza swali. Walikufa mwaka juzi, mwezi wa nane, siku ya Jumanne. Niliwatupa mimi mwenyewe.