Kitovu cha Sakaio Kinamsubiri Fundi

Mgeni rasmi, mbunge wetu, Mheshimiwa Denise Hargrave, pamoja na mchungaji wetu na ndugu zetu wote Wasamoa wa hapa Logan, Australia: talofa.

KARIBU MKEKANI

Mama, tumeona unavyohangaika kukunja miguu. Tumekufunika miguu kwa kipande cha mkeka, sasa nyoosha tu, hakuna atakayekununia. Palusami, majani yetu ya magimbi kwa tui la nazi, umeonja, na umeongeza. Tumefurahi sana.

SISI NI NANI

Sisi ni wavuta ngozi. Mzee Peniamina, fundi wetu, huchora pe'a, tatuu ya wanaume wa Samoa inayoshuka kutoka mgongoni hadi magotini. Yeye hugonga kitana cha meno makali chenye wino kwa kijiti, nasi tunavuta ngozi isijikunje na kufuta damu. Familia huimba. Anayelia tunamtania: "We kaka, mama yako aliumia zaidi ya hivi kukuzaa wewe!" Halafu tunamshika mkono.

TUNACHOJIVUNIA

Mzee hamchori kijana yeyote kabla hajajifunza kuwapikia wazee, kuwagawia chakula na kunyamaza wanapozungumza. Wazururaji wangapi wametulia hapa! Mama zao ndio hao wanaotabasamu kule nyuma.

KILICHOTUKWAMISHA

Sheria inataka mwenye leseni ya kuchora tatuu awe na tabia njema, asiwe na ukaribu na wahalifu. Hatugombani nayo, magenge ya pikipiki yametutoa machozi hata sisi wenyewe. Ila mzee amenyimwa leseni kwa sababu kila Jumapili baada ya ibada humtembelea mpwa wake Eteuati gerezani. Eteuati aliingia kwenye genge, akamjeruhi mtu, akafungwa. Hatumtetei.

Afisa aliyemhoji mzee hakuwa mkali. Alimwambia taratibu, "Mzee wangu, acha tu kwenda huko, mambo yako yatanyooka."

Mzee akamjibu, "Mwanangu, dada yangu alifariki huyu bado anatambaa, akaniachia mimi. Nikimtupa leo, hiyo tabia njema nitaitoa wapi?"

Basi kitana kimewekwa chini. Kimemwacha Sakaio, huyo kijana aliyekaa nyuma yako, amechorwa mgongo na mapaja, bado kitovu. Pe'a humalizikia kitovuni. Bila hapo ni aibu yake na ya ukoo mzima. Kwenye harusi ya dada yake alijificha jikoni, hakucheza hata wimbo mmoja, na sisi tuliumia kumwona. Fundi mwingine alijitolea kumalizia. Sakaio akakataa: "Aliyenianza ndiye atakayenimaliza. Nitamsubiri."

OMBI LETU

Mama, hatuombi sheria ifutwe. Tunaomba mzee aitwe upya, na sisi tunaomjua tusikilizwe. Wanaomuuliza anakwenda gerezani kumwona nani, wamuulize pia anakwenda kufanya nini.

Anakwenda kusali na mtoto wake. Anampa habari za nyumbani. Na kila Jumapili Eteuati, ambaye Sakaio ni rafiki yake tangu utoto, humuuliza, "Mjomba, Sakaio keshamaliza?"

Mzee humjibu, "Bado kidogo, mwanangu." Hajamwambia kwa nini. Anaogopa kijana akijua, atamkataza asije tena.

Jumapili hii ataulizwa tena. Tusaidie, mama, apate jibu jingine.

Mungu akulinde njiani, akurudishe kwetu siku ya kitovu, uimbe nasi.

Ni sisi, Wavuta Ngozi wa Mzee Peniamina, Logan.