Wiki Kumi na Mbili za Katibu

Wazazi wetu, ndugu, majirani na wageni wote mliofika kumsindikiza dada yetu, mimi ni mdogo wake anayemfuata, fundi wa friji, wengi mnanijua, na familia imeniomba nisome historia ya maisha yake ingawa kusoma mbele ya watu si kazi yangu. Nimeiandika mwenyewe juzi na jana, na mkiona mahali nimechapia mjue kwamba aliyekuwa akisahihisha barua za ukoo huu mzima ndiye tunayemzika. Wazee wameniomba pia nisisome kwa hasira, nami nimewaahidi kwamba nitajitahidi, sikuahidi zaidi ya hapo.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1983, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa mama yetu mshonaji na baba yetu fundi wa kupaka rangi, aliyetutangulia mwaka 1999. Jina la Katibu, ambalo wengi wenu ndilo mlilomjua nalo, alilipata akiwa na miaka tisa, siku ambayo baba na baba mkubwa walibishana kuhusu nani alisema nini katika kikao cha familia, naye akatoka chumbani na daftari lake la hesabu alimokuwa ameandika kila neno, pamoja na tusi moja ambalo baba alikuwa ameshakana kulitoa. Kikao kilivunjika kwa kicheko, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyethubutu kuitisha kikao bila kuuliza kama Katibu yupo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1990 hadi 1996, akaendelea na sekondari mwaka 1997 na kumaliza Novemba 2000, na kwa kuwa baba alikuwa ameshafariki alikaa nyumbani miaka mitano akimsaidia mama kupiga pasi, kushona vifungo na kupeleka nguo kwa wateja, ili mimi na mdogo wetu wa mwisho tusome. Januari 2006, akiwa na miaka ishirini na miwili, alijiunga na chuo cha ufundi stadi kusomea uendeshaji wa biashara na kazi za ofisi, kozi ya miaka miwili, na mimi nikiwa kijana mjuaji nilimuuliza kama kuna haja ya kwenda chuo kujifunza kupokea simu. Alijifunza kuchapa bila kutazama vidole, kutunza majalada, kuandika barua za kikazi na kumbukumbu za vikao, kupokea wageni, kutunza stoo, na kwa kuwa nyumbani hatukuwa na kompyuta alichora herufi zote kwenye kipande cha kadibodi akawa anachapa juu yake jioni, mama akiwa kwenye cherehani upande wa pili wa meza, mmoja ana kelele na mwingine hana.

Mwalimu wao wa taratibu za ofisi, mama mmoja mfupi, mkali, aliwafundisha kwamba katibu haweki karatasi mbele ya mkubwa wake bila kumwambia ni karatasi ya nini, hata kama mkubwa mwenyewe hana muda wa kusikia. Dada aliishika kanuni hiyo kuliko zote alizofundishwa, na ndugu zangu, naomba muikumbuke, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha hapa. Mitihani ya darasani alimaliza tarehe 30 Novemba 2007, akapata daraja la kwanza, akawa wa pili kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, na kilichobaki kilikuwa mazoezi kazini kwa wiki kumi na mbili, baada ya hapo mkuu wa ofisi anasaini fomu ya tathmini, fomu inarudi chuoni, na cheti kinatoka.

Jumatatu tarehe 7 Januari 2008 aliripoti kwa mazoezi hayo katika kampuni inayouza pampu na mabomba ya maji, ofisi iliyoko ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa mbao, na alipofika alikuta barua za miezi mitano zimerundikwa ndani ya boksi, kabati la majalada lenye droo isiyofunguka mpaka uipige teke chini upande wa kulia, na Mkurugenzi, ambaye leo yupo hapa pamoja nasi, akiwa anatafuta mkataba mmoja tangu asubuhi. Kufikia Ijumaa mkataba ulikuwa umepatikana, kila barua ilikuwa na namba yake na jalada lake, na Mkurugenzi alikuwa amewaambia wafanyakazi wote kwamba msichana huyu kaletwa na Mungu. Wiki kumi na mbili ziliisha Ijumaa tarehe 28 Machi 2008, dada akampelekea fomu yake, akamweleza ni ya nini, na Mkurugenzi akamwambia aiache mezani, ataisoma vizuri kwanza na kuisaini wiki ijayo, kwa kuwa ni jambo linalohusu maisha ya mtu.

Hapo inafaa niwaeleze kidogo kuhusu saini za Mkurugenzi. Kila siku saa nne asubuhi dada alimpelekea faili jekundu la saini, akisimama kando na kumtajia kila karatasi, hii ya bandarini, hii ya benki, hii ya likizo ya dereva, naye alisaini huku akiongea na simu, huku akila, na mara moja alisaini kwenye ngazi akiwa ameegemeza faili ukutani, bila kusoma hata mstari. Aliwahi kusaini barua ya kumkubali mteja na barua ya kumkataa mteja huyohuyo, zote asubuhi moja, dada akazirudisha kumuuliza anataka iende ipi. Katika miaka yake yote ya kusaini, karatasi pekee aliyotaka kuisoma vizuri kwanza ilikuwa fomu ya dada yangu.

Basi akapigwa kalenda, wiki ijayo ikawa mwezi ujao, mwezi ujao ukawa baada ya ukaguzi, baada ya ukaguzi ikawa baada ya kuhamisha ofisi, na ofisi haikuhama. Alikumbusha kwa mdomo, alikumbusha kwa barua, kila barua ya ukumbusho ikiwa na namba na nakala katika jalada lake, na ziko kumi na tisa, ninazo nyumbani. Chuo kilimwambia kwamba akitaka kufanya mazoezi upya mahali pengine ni lazima alete barua ya kuachiliwa kutoka ofisi ya kwanza, yenye saini ya mkuu wa ofisi hiyo, yaani saini ya huyohuyo. Mhasibu wa ofisi ile, ambaye sasa amestaafu, ndiye aliyekuja kutunyooshea maelezo, kwamba dada akipata cheti itabidi aajiriwe kama katibu kamili au ataondoka kwenda kwingine, na bosi hakutaka lolote kati ya hayo mawili, kwa maana akibaki mwanafunzi anapewa nauli tu na ofisi inakwenda.

Mwaka 2011 mimi mwenyewe nilimpa ushauri, na nausema hapa kwa sababu historia ya mtu ikifichwa nusu si historia. Nilimwambia, "Ichomeke katikati ya faili, usimtajie, atasaini kama anavyosaini zote." Aliweka chini kikombe alichokuwa ameshika akanijibu, "Nikifanya hivyo nitakuwa na cheti cha kazi ambayo siiwezi." Nilimwona mjinga, na niliendelea kumwona mjinga kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri leo.

Kabla ya hapo, Jumamosi tarehe 11 Desemba 2010, alikuwa amefunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa miwani wa duka la chini, aliyekuwa akimwona akipanda na kushuka ngazi miaka miwili mizima mpaka akapata ujasiri wa kumwambia kwamba miwani yake imelegea. Katika hati ya ndoa, kwenye nafasi ya kazi, dada aliandika mwanafunzi, kwa sababu hakuwa tayari kuandika asichokuwa nacho, na mimi nikasimama kwenye sherehe nikafanya utani kwamba shemeji kaoa mtoto wa shule. Watu walicheka sana, yeye pia alicheka, lakini mama hakucheka, na leo namwomba mama msamaha mbele yenu. Tarehe 3 Agosti 2012 walijaliwa binti yao wa pekee, na kwenye cheti chake cha kuzaliwa, kazi ya mama, imeandikwa hivyohivyo, kiasi kwamba siku ya kuandikishwa shule mwalimu alimuuliza mtoto mama yako yuko darasa la ngapi.

Katika miaka hiyo ofisi ilipokea wanafunzi wengine saba wa mazoezi, wote akawafundisha yeye, kuanzia kupokea simu mpaka teke la droo, na fomu zao saba alizijaza, akamtajia Mkurugenzi kila moja, na zote saba zilisainiwa siku hiyohiyo. Mmoja wao alirudi mwaka 2015 akiwa ameajiriwa afisa utawala, akawa mkubwa wa dada, akakaa kwenye meza ya karibu na dirisha, na dada ndiye aliyemchapia barua ya kuajiriwa. Nilimuuliza siku hiyo anajisikiaje, akaniambia inamuuma, ila barua ilikuwa haina kosa hata moja.

Alianza kuumwa Februari 2018, miguu ikivimba na kichwa kikimgonga, na tarehe 21 Mei mwaka huo madaktari wakagundua kwamba figo zimeharibika kwa sababu ya shinikizo la damu lililokaa muda mrefu bila kutibiwa. Wafanyakazi wa ofisi ile wanapimwa afya kila mwaka na wana kadi za matibabu, lakini mwanafunzi hapimwi na hapewi kadi, na daktari alituuliza ilikuwaje mtu anayefanya kazi ofisini miaka kumi hajawahi kupimwa presha. Shemeji alimuuguza kwa mikono yake, kazini akipanda ngazi kwenda kumwona mara tatu kwa siku, na dada aliendelea kwenda ofisini mpaka Juni mwaka huu alipolazwa, akiwa ameacha kurasa kumi na moja za makabidhiano zinazoeleza kila jalada lilipo. Hata hivyo mwezi Julai kijana wa ofisi alitumwa wodini kumuuliza mkataba wa pampu uko wapi, dada akamweleza droo ya ngapi, nami nikatoka nje nisije nikamtukana mgeni wa mgonjwa.

Tarehe 12 Agosti nilipanda mwenyewe zile ngazi nikiwa na fomu mpya, nikamweleza Mkurugenzi hali ya dada na kwamba anatamani jambo moja tu, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwambie apone kwanza." Nilirudi hospitali, na dada aliponiuliza nilimdanganya kwamba sikumkuta. Alifariki Alhamisi iliyopita, tarehe 17 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, miezi saba na siku tatu, baada ya wiki kumi na mbili zilizodumu miaka kumi na moja na miezi tisa. Amemwacha mama, mume, mtoto mmoja na wadogo wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimletea karatasi za kuandikia, inawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliolala sakafuni pamoja na mama, na inamshukuru tarishi wa ofisi ile, mzee aliyekuja kumwona kila Jumapili kwa miguu. Tumepokea pia barua ya rambirambi ya ofisi, inayosema kwamba kampuni imempoteza mwanafunzi wa mazoezi mwenye bidii, ina tarehe ya mwezi uliopita na makosa manne ya uchapaji, na imesainiwa na Mkurugenzi. Tunamshukuru kwa barua na kwa kuja kwake.

Mkurugenzi, nilizungumza jana na msajili wa chuo, akaniambia kwamba fomu ikifika ikiwa imesainiwa, cheti kitatolewa kwa jina la marehemu na atakabidhiwa binti yake. Karatasi ninayoinua hapa ni fomu ya tathmini ya mazoezi kazini, ina kurasa mbili, inasema kwamba aliripoti tarehe 7 Januari 2008, kwamba alimaliza wiki kumi na mbili, na kwamba anafaa kufanya kazi ya ukatibu, na mahali pa saini ni chini ya ukurasa wa pili. Nakutajia yote haya mbele ya watu ili usije ukasaini jambo usilolijua, maana yeye hakuwahi kukufanyia hivyo. Fomu naiweka kwenye meza ya pale mlangoni, mama amekaa hapo na ana kalamu, na wazee wamekubali kwamba msafara wa makaburini utaondoka baada ya mama kusimama.

Pumzika, Katibu, upumzike kwa amani kabisa. Kusubiri sasa ni zamu yetu.