Kisanduku Cheusi cha Saa Kumi na Mbili na Nusu

Ndugu na majirani, tunayemsindikiza leo ni baba yangu, Tokujiro Hatakeyama, mtoto wa pili wa wakulima wa matofaa, aliyezaliwa hapa Japani, mjini Hirosaki, tarehe 3 Novemba 1944. Alisoma hapo hapo hadi sekondari. Mwaka 1963 aliingia kazi ya reli, akaendesha treni miaka arobaini na moja bila kuchelewa, na sisi nyumbani tulikoma kwa jinsi alivyoishika saa. Mwaka 1970 alimwoa Bi Fusae, mama yangu.

Bibi, mama mzazi wa Baba, alipofariki mwaka 1992, Baba hakukubali kuiacha treni njiani. Alifika mwili umeshachomwa kwa desturi yetu, jamaa wameshaokota mifupa majivuni kwa vijiti, chungu cha kuihifadhi kimefungwa. Kaka yake, Tokuichi, hakumsemesha tena.

Mwaka 2020 manispaa iliwaomba wastaafu wajitolee kupitia mtandao. Baba alichukua kazi ya kuongoza mazoezi ya viungo ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa wazee ishirini na watatu wanaoishi peke yao. Wiki nzima ya kwanza waliona dari letu tu, naye anahesabu moja hadi nane kwa madaha. Asiyetokea alipigiwa simu mpaka apokee.

Mmoja hakuwasha kamera kamwe. Kisanduku cheusi, halafu kikohozi. Baba alikitambua siku hiyo hiyo: ni kaka yake. Mama alimsihi ampigie simu, yaishe.

“Atakata,” Baba alisema. “Hapa angalau namsikia anavyohema. Lakini Fusae, natamani kumwona, hata mara moja tu.”

Miaka mitatu alikitania kile kisanduku: “Na wewe usiyeonekana, inua mikono. Usinidanganye.”

Saratani ya ini iligunduliwa Machi 2023. Aliendelea kuongoza akiwa kitandani, kwa mikono tu. Tarehe 8 Februari 2024 hesabu ilimshinda kwenye tano. Kisanduku cheusi kikamalizia: sita, saba, nane. Baba alilia mbele ya wote. Alifariki jioni ile.

Kesho yake Mama alifungua kompyuta awape wazee habari. Kile kisanduku kilikuwa kimewaka. Ndani yake mzee wa miaka themanini na mbili, kanyoa ndevu, kavaa suti, amesimama wima.

“Toku,” alisema, “unaniona?”



Marehemu ameacha mke, mimi mwanawe Kiyomi, wajukuu wawili, wazee wake wa asubuhi, na kaka yake, aliyeketi hapa mbele. Baba Mkubwa, alitamani kukuona mpaka pumzi ya mwisho.

Na apumzike sasa. Sisi ndio tunaokuona, Baba Mkubwa.