Bi. Fardosa Hakununua Haraka ya Mtu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Fardosa Hamid anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kampuni yetu ya pembejeo: sita ya kwanza tawi la Bungoma, mingine yote Kitale. Alianza na taipureta. Anaondoka akiwa mtu pekee ofisini ambaye matapeli wa mtandao hawajamnasa hata mara moja. Sisi wengine tunyamaze.

Tulimcheka sana. Kila barua pepe iliyoingia ofisini ikitaka kitu, aliihakikisha kwa simu, na nambari hakuitoa kwenye barua hiyo. Aliisoma ukutani, kwenye kalenda ambazo wasambazaji hutuletea kila Desemba. Wenye diploma za kompyuta, nikiwemo mimi, tuliuita huo ushamba.

Kisha ikaja Machi mwaka huu. Wakulima wa eneo la Kwanza, hapa jirani na Kitale, walikuwa wameshalima, wanangoja mbegu. Ikaingia barua yenye nembo ya msambazaji wetu: bonyeza hapa, weka neno la siri kabla ya saa kumi, la sivyo oda yenu inafutwa. Meneja wetu, Bw. Hitesh, alikuwa ameshaanza kuandika.

“Wacha hiyo kitu, Hitesh!” Bi. Fardosa akamzuia. “Watu wametuuzia mbegu miaka ishirini, leo ati sisi ni ‘Mpendwa Mteja’? Jina wamesahau?”

“Mama, ni saa kumi kasorobo! Mbegu ikikosekana, si wakulima watanimaliza?”

“Wakumalize basi. Mimi napiga simu.”

Akapiga. Mukhisa, karani wa oda kwa msambazaji, alishangaa: hawakuwa wameandika chochote, na lori letu lilikuwa likipakiwa. Wiki hiyo hiyo duka moja la Kanduyi, kule Bungoma, lilipata barua kama ile, likaweka neno la siri. Wezi wakaingia kwenye barua pepe zake, wakabadilisha mahali pa kupeleka oda, mbegu ikashushwa kusikojulikana. Wateja wake walipanda wakiwa wamechelewa.

Na asiniambie mtu kwamba walionaswa ni wajinga! Maneno hayo huwafaa matapeli tu, maana aliyeibiwa huona haya, akanyamaza, na jirani yake akaibiwa vivyo hivyo.

Sasa hivi simu kwanza ndiyo sheria Kitale na Bungoma, na Bw. Hitesh ndiye aliyeitia sahihi. Na wakulima wa Kwanza wamevuna.

Asante, Bi. Fardosa. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Toka kifua mbele, mama. Umewashinda.