Homa ya Keturah na Magazeti Mawili

Mwezi wa tisa wa mwaka ule wa 1798, kwa ajili ya homa ya manjano, Filadelfia ilikuwa imebakiwa na watu wa aina mbili tu: waliokosa pa kukimbilia, na waliobaki ili wawazike wenzao. Matajiri walishapakia vitanda vyao kwenye mikokoteni wakaenda mashambani. Hata mwenye baa ya kona alifunga mlango akaondoka na ufunguo, na kijiwe chake kikahamia nje, kwenye benchi lililo kando ya bomba la maji. Mama Dorcas akawa anawauzia kahawa hapo, birika lake juu ya makaa, kitambaa chenye siki ya kukinga homa kimefungwa shingoni. Kwa miaka mingi ni yule mwenye baa aliyekuwa akiwasomea magazeti kwa sauti. Sasa hayupo, na kazi ikamwangukia Amos Tully, mpasua kuni wa miaka hamsini na mitatu, aliyejua kusoma juzijuzi tu, baada ya kukaa majira mawili ya baridi kwenye chumba cha chini cha kanisa pamoja na watoto wa watu. Kijiweni wakambatiza Profesa. Walianza kwa kumcheka, lakini siku hizi walikuwa wanamsogezea nafasi akae katikati.

Asubuhi ile Silvanus Peck, fundi viatu, alivuka barabara akiwa na magazeti mawili mkononi. Nyumba yake ilikuwa hatua kumi na tano kutoka kwenye benchi. Hakuwa amenyoa siku nne.

— Profesa, nisomee hapo wanaposema dawa, alisema. Mke wangu Keturah yuko siku ya nne ya homa. Daktari anapita mtaa huu saa sita, anataka jibu mlangoni. Atolewe damu au anywe dawa ya gome la mti? Nikijiumauma, anaenda nyumba nyingine, na harudi.

— Amelala? Mama Dorcas aliuliza.

— Nimemwacha amelala. Homa imeshuka kidogo. Nimemwekea jagi la maji kando ya kitanda. Nimesema nakuja dakika kumi tu.

— Anza na Ngao, alisema Lemuel Gott.

Huyo walimwita Kamba, kwa sababu ya kazi yake ya kusokota kamba za meli, na pia kwa sababu akianza kuongea haoni mwisho. Kofiani alibandika ua jeusi la utepe, alama ya watu wa chama cha serikali. Ngao lilikuwa gazeti lao.

Amos alilitandaza magotini, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Bila kidole maneno yalimkimbia. Alisoma polepole, na kila mstari ulioisha aliumeza kama tonge.

— «Homa hii imeletwa na meli kutoka visiwani. Mgonjwa apewe gome lililotwangwa, ndani ya mvinyo, aachiwe damu yake. Wanaowatoa watu damu ni...»

Hapo palikuwa na neno refu. Amos aliliangalia, akaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akatua upande wa pili.

— «...vibaraka wa Ufaransa.»

— Si umesikia, Peck? Kamba alisema. Mvinyo na gome. Kwisha maneno.

— Kwisha wapi, alisema Dennis Rourke.

Rourke alikuwa hamali wa gatini, Mwairishi, na jina lake la kijiweni lilikuwa Tufani. Yeye na Kamba walikuwa wamegombana kila siku tangu mwaka juzi na hawakuwahi kukaa mbalimbali hata mara moja.

— Soma na letu sisi wapinzani, Profesa. Soma Mwenge.

Amos alibadilisha karatasi. Aliona saa inakwenda, lakini aliona pia kwamba wote watatu wameinama wanamsikiliza yeye, na maisha yake yote hakuwahi kuinamiwa hivyo.

— «Homa haikuletwa na meli, na wala haiambukizi. Imetoka kwenye uozo wa magati yetu wenyewe, ambao serikali imeuacha unuke. Mgonjwa atolewe damu mapema, aharishwe. Anayempa mvinyo ni mtumishi wa mfalme wa Uingereza.»

— Haya, Tufani alisema. Mfalme huyo hapo.

— Mfalme yuko London, Kamba alisema. Anahusikaje na tumbo la Keturah?

— Muulize aliyeandika.

— Nakuuliza wewe unayemwamini.

— Mimi nimefanya kazi pale gatini, Kamba. Nimeona magunia ya kahawa yameoza mpaka yanatoa moshi. Kahawa hiyo ndiyo homa.

Watu wakaangalia vikombe vyao. Mama Dorcas hakugeuka.

— Yangu haijaoza, alisema. Asiyetaka aache.

Hakuna aliyeacha.

— Shida ya ndugu yangu Tufani, Kamba alisema, ni kwamba haoni ujanja wa Mfaransa. Mfaransa anajua hawezi kutushinda kwa mizinga. Kwa hiyo anatia homa kwenye nguo za wakimbizi wa visiwani, wanashuka hapa wanalia, sisi tunawapa supu. Na ukichunguza, homa haiingii nyumba za watu wetu.

— Shemeji yako amezikwa Jumanne.

— Shemeji yangu alikuwa anasoma Mwenge kwa siri.

— Yaani homa inamchungulia mtu anasoma nini?

— Homa ya mwaka huu inajua vyama, bwana. Usinicheke.

— Sicheki, sina nguvu hiyo. Mimi nasema tatizo ni wino. Yule mchapaji wa Ngao anachanganya kitu kwenye wino. Mtu akifungua gazeti, anavuta harufu, keshokutwa yuko kitandani. Ndiyo maana wamekufa watu wengi wanaojua kusoma.

— Basi wewe utaishi milele.

Tufani alipiga mwayo. Mkokoteni wa maiti ulipita mwisho wa mtaa. Siku za kwanza walikuwa wakivua kofia kila ulipopita. Siku hizi walifunika tu vikombe vyao kwa viganja mpaka magurudumu yasisikike.

— Mimi sisomi lolote kati ya hayo, Mama Dorcas alisema. Nimezika wawili.

Silvanus alikuwa anasugua magoti yake kwa viganja.

— Profesa, wewe ndiye umeyasoma yote. Keturah angekuwa wako, ungempa lipi?

Amos alihisi joto usoni. Miaka hamsini na tatu, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye jambo kubwa hivyo. Alijua kupasua mwaloni. Homa hakuijua. Lakini kusema «sijui» akiwa na karatasi mbili mkononi aliona ni kama kuzirudisha zile baridi mbili kanisani.

— Ngoja nisome mpaka mwisho, alisema. Kuna ukurasa wa nyuma. Huenda wameeleza.

— Ni kweli, soma wa nyuma, Kamba alisema.

— Na huku kwetu kuna barua ya mtu anayejiita Raia Mwema, Tufani alisema. Huwa hakosei, huyo.

— Alikosea uchaguzi.

— Uchaguzi mliuiba.

Silvanus, aliyekuwa ameanza kuinuka, akakaa tena. Amos akageuza karatasi. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na farasi aliyepotea, nyumba inayopangishwa, na safu nzima ya matusi kwa mhariri wa gazeti jingine. Aliyasoma yote, farasi pia, maana dawa ingeweza kujificha popote. Mama Dorcas aliongeza maji kwenye birika mara mbili. Kahawa ikawa nyepesi mpaka kitako cha kikombe kikaonekana.

Amos alikuwa katikati ya barua ya Raia Mwema, kidole kwenye mstari wa tisa, aliposikia mlango.

Keturah alikuwa amesimama nje. Miguu mitupu, shali begani, jagi linaning'inia mkononi. Alikuja ameshikilia ukuta, kisha ukuta ukaisha, akaja bila kitu. Macho yake yalikuwa ya njano kabisa.

— Silvanus, nimeita, alisema.

Silvanus alimfikia akamdaka kiunoni kwa mikono yote miwili. Asingemdaka, angeanguka.

— Mke wangu, kwa nini umetoka?

— Maji yameisha. Nimeita mpaka koo limekauka. Akaliangalia lile bomba, mpini wake wa chuma mrefu, mzito. Nani atanipigia bomba? Mimi siwezi.

Kamba alibana kitambaa chake cha siki puani. Tufani, ambaye gazeti lake lilikuwa limetoka kusema sasa hivi kwamba homa haiambukizi, alisogea kwenye benchi mpaka akafika mwisho wa ubao. Mama Dorcas alikuwa ameinua birika. Akaligeuza, likatoa tone moja.

Amos alikuwa bado na kidole kwenye mstari wa tisa. Akikiondoa, itabidi aanze barua upya, na alipoligundua wazo hilo kichwani mwake alitamani benchi limmeze. Akainua kidole. Akayaweka magazeti chini, akachukua jagi mkononi mwa Keturah, vidole vyake vikagusa vya mwanamke vilivyokuwa vikavu kama maganda, akashika mpini.

Bomba lilikohoa kwanza, kisha maji yakaja. Alimnywesha jagi la kwanza palepale, Silvanus akimshikilia kichwa. Keturah alikunywa muda mrefu bila kupumua. Kisha Amos akaanza kujaza la pili.

— Nilikuwa nawasikia kupitia dirisha, Keturah alimwambia. Mlikuwa mnasoma nini muda wote huo?

— Habari zako, shemeji.

Alilifikiria hilo, macho amefumba, kichwa kimelala begani kwa mumewe.

— Zimesema nina kiu?

Amos aliendelea kupiga bomba. Jagi lilikuwa limeshajaa, na maji yalikuwa yakimwagika juu ya viatu vyake.