Fundi Aliyeshindwa Kuomba Radhi Bila Kucheka

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu, fundi cherehani, na asitokee wa kunisahihisha, maana yote nimeyashuhudia kwa macho yangu haya mawili, hata kuzaliwa kwake, ingawa alinitangulia duniani miaka minane.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, nyumba ya pili nyuma ya stendi, mkubwa kati ya ndugu wawili, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1976, akafaulu kuliko cheti kilivyosema, akajifunza ushonaji, na mwaka 1983 akafungua chumba cha cherehani mbili pamoja na mdogo wake, kaka akikata, mdogo akishona, na huyo kaka hakujua futi kamba ni nini, alikukadiria kwa jicho ukipita mlangoni, nguo ikakukaa.

Mwaka 1987 alimuoa dada yangu, wakajaliwa watoto watatu, ndio hao mbele yenu.

Tarehe 23 Aprili 1994 mdogo wake alifunga ndoa, suti akaikata marehemu, kwa jicho, asijue kwamba uchumba umemnenepesha bwana harusi, basi alipopiga magoti mbele ya altare suruali ikaachia mshono wa nyuma wote, kanisa zima likabana pumzi, na wa kwanza kuangua kicheko akawa kaka mtu. Jumatatu mdogo alibeba cherehani yake, akasema, "Suruali nimekusamehe, kaka. Kicheko, hapana."

Tangu hapo kila Jumatano ya Majivu marehemu alikwenda kwa mdogo wake, majivu yakiwa bado pajini, amekunja uso kama hakimu, akaanza, "Mdogo wangu, siku ile..." asimalize, suruali imemjia machoni, mabega yanamtikisika, mlango unafungwa, ikawa hivyo Kwaresima baada ya Kwaresima, dada yangu akimfokea, "Si umwandikie, baba!" naye akijibu, "Nikiandika ndiyo nacheka zaidi."

Tarehe 20 Machi 2023 alipatwa na kiharusi, sauti ikakatika, mdomo ukavutwa upande mmoja. Jumatano tarehe 29 mdogo wake, aliyechomwa na mahubiri ya Kwaresima kuhusu huruma, alikuja wodini amejiandaa kusamehe, akauona mdomo ule, akasema, "Hata leo unanicheka?" akageuka akaondoka, na marehemu, ambaye safari hii hakucheka, hakuwa na sauti ya kumwita, nasi tuliobaki tukaduwaa kama vinyago. Muuguzi ndiye aliyemkimbilia getini kumweleza ugonjwa ulivyo, naye akarudi asubuhi ya Alhamisi, akamkuta kaka yake hajitambui, anakoroma tu, akalaza uso kwenye godoro, akalia, "Kaka, nimesamehe vyote, hata kicheko, nisikie basi," marehemu akafumbua macho, akamtazama, akayafumba, na saa nne akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia bila kuombwa, na mafundi wenzake mliofunga vyumba vyenu leo.

Sasa, shemeji mdogo, wewe ulikuwa umeinama, hukuona, ukanitegemea mimi niliyesimama nyuma yako. Macho hayakufumbuka. Hilo nililitunga palepale wodini, sikuwa na kingine cha kukupa, na hata sasa nimelisoma tena, lakini mbele ya jeneza hili ulimi umekataa kuliacha hivyo. Kama alikusikia, sijui.

Lala, fundi, amani ikufunike.