Guka na Laptopu ya Gemu

Treni ilipotoka Thika, Nelima alimwona mzee aliyeketi mbele yake akimpa msichana wa chuo, asiyemjua, laptopu mpya ya gemu.

"Niangalizie kama hii inafaa, mami. Kila Jumamosi nashindana mbio za magari na mjukuu wangu aliye Kitale. Ile ya zamani ilikuwa inakwama kwa kona, basi ananipita tu."

Msichana akaiinua kwa mkono mmoja. "Nimetumia kama hii mwaka mzima, Guka. Ni nyepesi, na kwa bei ya kati iko sawa. Lakini feni inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, na chaji haimalizi masaa mawili. Rudisha dukani, uchukue ile aina nzito isiyopiga kelele."

"Nzito nitaibeba na magoti gani? Na huyo mtoto huitwa kulala baada ya lisaa limoja."

"Itakuchoma mapaja!"

"Mapaja yangu yanataka joto."

Nelima alicheka akajificha kwa skafu. Walikuwa bado wanabishana treni iliposimama Ruiru. Msichana akashuka, kisha akarudi mbio hadi dirishani. "Guka, kwa gemu unaitwa nani? Nitakutafuta Jumamosi."

Mzee akatazama huku na huku, akanong'ona kwa haya, "Kiboko wa Kiganjo."